Kansa ya titi imefika kwenye mifupa: halali usiku, hataki wageni. Ni sonona au ni kawaida?

WifiMbagala ameuliza:

Wadau, habari za humu. Naomba msaada wa wanaojua, hasa manesi, wafamasia na washauri nasaha.

Tunauguza wifi yangu, miaka 44, bado anapata hedhi. Kansa ya titi iligundulika ikiwa tayari imefika uti wa mgongo na nyonga. Majibu ya kinyama kilichokatwa kwa kipimo yanasema vipokezi vya homoni vipo, HER2 (protini inayokuza baadhi ya kansa) hakuna. Anameza tamoxifen (dawa ya kuzuia homoni) 20 mg kila siku, na kila wiki nne anawekewa dripu ya zoledronic acid, dawa ya kulinda mifupa. Maumivu anatuliza kwa paracetamol na diclofenac za duka la dawa.

Anatembea na kupika mwenyewe, lakini usiku halali, analia peke yake na akisikia hodi anaingia chumbani. Ikikaribia tarehe ya CT scan hali inakuwa mbaya zaidi, hata kula hali. Kliniki moja imemwandikia fluoxetine 20 mg, dawa ya sonona, bado hatujainunua.

Nauliza mambo matatu. Tutajuaje kama hii ni sonona ya kutibiwa au ni huzuni ya kawaida ya mtu mwenye ugonjwa huu? Hiyo dawa aanze? Na wanaokuja kumwona tuwaambie waseme nini, maana kila mtu ni "utapona, utapona" na ndiyo inayomkera?

---

NesiShufaa:

Pole kwa kuuguza, dada. Kabla hamjaiita sonona, ondoeni kwanza mambo ya mwili yanayofanana nayo. Yapo kadhaa na dawa ya sonona haiyagusi.

La kwanza ni maumivu, na kwa kansa ya nyonga na mgongo ndilo ninalolishuku kuliko yote. Mfupa wa aina hiyo huuma zaidi mtu akilala. Muulizeni hivi: "Ukishtuka usiku, kinachotangulia ni maumivu au mawazo?" Kisha ampe namba, 0 hadi 10. Akisema 4 kwenda juu licha ya paracetamol, dawa za duka zimefika mwisho. Halafu hiyo diclofenac: inaelemea figo, na zoledronic acid nayo inaelemea figo. Ndiyo maana creatinine (kipimo cha damu cha figo) hupimwa kabla ya kila dripu. Daktari lazima ajue anaitumia.

Kinachofuata kwa kawaida ni mofini ya maji. Inapatikana Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar es Salaam, na kwenye hospitali zenye kitengo cha tiba shufaa (ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa). Wengi huanzishiwa 5 mg kila baada ya saa nne, wazee na wadhaifu 2.5 mg. Ratiba inayofuatika nyumbani ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mara mbili ili asiamshwe usiku wa manane. Maumivu yakichomoza katikati anapewa dozi ya ziada sawa na ile ya kawaida, na mnaandika kwenye daftari. Dozi za ziada zikiwa nyingi, daktari anapandisha ile ya ratiba.

Familia nyingi hukosea hapa sehemu mbili. Wanampa pale tu anapolia kwa maumivu, hivyo kila mara dawa inaanza kukimbiza maumivu yaliyokwisha kupanda. Na hawampi dawa ya choo. Mofini hufunga choo kila siku inayotumika na mwili hauzoei hilo, kwa hiyo bisacodyl 5 mg usiku huanza siku ileile ya kwanza. Kichefuchefu na usingizi huja siku tatu hadi tano za mwanzo kisha hupungua. Usimwachishe kwa ajili ya hivyo. Someni lebo kila mnapochukua chupa mpya, maana ipo ya 5 mg kwa mililita 5 na ipo kali mara kumi yake, na chupa zinafanana. Kuhusu uteja (uraibu): anayetumia kwa maumivu ya kansa, kwa dozi iliyopangwa, ni nadra kugeuka mteja. Ila asiache ghafla.

La pili ni kalisi (calcium) kupanda kwenye damu, jambo linalotokea kansa ikiwa kwenye mifupa. Dalili ni kiu, mkojo mwingi, choo kigumu, kichefuchefu, mwili kuwa mzito, kuzubaa hadi kuchanganyikiwa. Watu husema "amekata tamaa" kumbe ni kalisi. Kipimo ni cha damu, na tiba ni dripu za maji pamoja na dawa hiyohiyo ya mifupa. Hili halisubiri kliniki ya mwezi ujao.

La tatu, kama anapewa dexamethasone (dawa ya steroidi), imezwe asubuhi, na dozi ya pili isivuke saa 8 mchana. Ikimezwa jioni anakesha, na inaweza kumfanya awe mkali au mwenye kulia. La nne, kichwa kinachouma asubuhi pamoja na kutapika, degedege au tabia iliyobadilika ghafla: hapo ubongo upigwe picha.

Na kwa sababu uti wa mgongo umeguswa, bandikeni hili ukutani: maumivu ya mgongo yanayozidi akilala au akikohoa, maumivu yanayozunguka kifua kama mkanda, miguu kulegea, ganzi, kushindwa kuzuia mkojo au choo. Ikitokea mojawapo, hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili. Anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Akishapooza, mara nyingi miguu hairudi.

Ulizeni pia kuhusu mionzi ya kutuliza maumivu. Kwa mfupa mmoja unaouma, mara moja tu ya Gy 8 (Gy ni kipimo cha mionzi) hutuliza sawa na kwenda siku nyingi. Siku moja mbili za kwanza maumivu yanaweza kuongezeka, na nafuu kamili huchukua wiki mbili hadi nne. Asipoambiwa hivyo kabla, ataamini mionzi imeamsha ugonjwa.

---

Tumaini_J:

Mwambieni amwamini Mungu na asiwaze mabaya. Mawazo ndiyo yanayoua haraka kuliko kansa yenyewe. Awe na furaha tu.

---

MfamasiaMtaani:

Nijibu swali la fluoxetine: asianze kabla hamjarudi kwa daktari. Si dawa mbaya, lakini inagongana na tamoxifen.

Tamoxifen ikimezwa, ini huigeuza kuwa endoxifen, na endoxifen ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kuziba vipokezi. Kazi hiyo ya kugeuza inategemea kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6. Fluoxetine na paroxetine hukizima kwa nguvu. Mgonjwa anaendelea kumeza tamoxifen yake kila siku bila kukosa, huku inayofika kwenye uvimbe ni pungufu. Kliniki iliyoandika huenda haikuona kadi yake ya kansa, na fluoxetine ndiyo iliyo karibu kwenye vituo vyetu vingi.

Zinazokaa vizuri na tamoxifen: venlafaxine (huanzia 37.5 mg, na ina faida ya kupunguza lile joto la ghafla linaloletwa na tamoxifen), citalopram au escitalopram. Sertraline kwa dozi ndogo huigusa CYP2D6 kidogo tu. Yoyote itakayochaguliwa, nafuu huanza kuonekana wiki ya pili hadi ya nne, na siku za mwanzo anaweza kuhisi wasiwasi umezidi. Wengi huacha hapo wakisema haimfai.

Amitriptyline 25 mg usiku mtapewa kirahisi. Inasaidia usingizi na maumivu ya mishipa ya fahamu, lakini dozi hiyo ni ndogo kwa sonona. Inakausha mdomo, na inafunga choo juu ya mofini. Tena ni hatari ikimezwa nyingi kwa pamoja, hivyo kama mgonjwa ameshatamka kwamba hataki kuishi, msiweke pakiti nzima chumbani mwake. Vidonge vya usingizi vya aina ya diazepam msijinunulie. Vikikutana na mofini vinapunguza upumuaji.

Dawa za asili: msimuulize kwa sauti ya kesi, ataficha. Mwombeni alete pakiti au chupa yenyewe, mfamasia wa kliniki ya kansa aione.

Na meno! Kabla dripu ya mifupa haijaendelea, aonwe na daktari wa meno. Kung'oa jino huku unatumia zoledronic acid kunaweza kuacha mfupa wa taya wazi usiopona. Wakati wa dripu za mwanzo, homa na mwili kuuma siku moja hadi tatu ni jambo la kawaida, paracetamol inatosha. Lakini kama siku moja atawekwa kwenye kemo, homa ya nyuzi 38 ni ya kukimbiza hospitali. Watu huchanganya hizi mbili.

---

MshauriNasaha_Moshi:

Nianze na Tumaini_J, kwa heshima. Imani inawabeba wagonjwa wengi na hakuna anayeipinga. Ila "usiwaze mabaya" humtwisha mgonjwa mzigo wa pili: picha ikitoka mbaya, anaamini ni yeye aliyeiharibu kwa kulia. Kansa haisambai kwa sababu mtu amelia. Anayekatazwa kulia mbele za watu huenda kulia chumbani, na ndicho huyu anachofanya.

Huzuni au sonona? Msipime kwa uchovu, kukosa hamu ya kula au kukonda, kwa sababu hivyo huletwa na kansa yenyewe na dawa zake. Angalieni kama bado kuna kitu kinachomgusa. Mwenye huzuni analia asubuhi, mchana anacheka na mtoto, jioni anafuatilia tamthilia yake. Mwenye sonona hata mtoto akimletea daftari la shule hashtuki, na hali hiyo inakuwapo siku nyingi kati ya siku 14. Anajiona mzigo, anajilaumu, anasema bora afe. Kipimo kinachotumika ni PHQ-9, kipo kwa Kiswahili: maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, kuhusu wiki mbili zilizopita. Alama 10 kwenda juu zinahitaji mtu wa afya ya akili. Swali la tisa linahusu kujidhuru. Likipata alama yoyote zaidi ya sifuri, msisubiri jumla. Na kumuuliza mtu wazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo.

Sasa CT scan. Hofu hii ina ratiba: inapanda tarehe ikitajwa, inafika kileleni kati ya siku ya picha na siku ya majibu. Basi fupisheni hicho kipande cha katikati. Msiondoke kwenye chumba cha picha bila kujua ni lini, na kwa daktari yupi, majibu yatasomwa. Kwetu bahasha ya majibu mgonjwa hupewa mkononi, na hapo ndipo usiku unapoharibika: inafunguliwa kwenye daladala, mpwa anatafuta maneno kwenye simu, anakutana na "lytic" (mfupa ulioliwa) na "sclerotic" (mfupa uliokaza), nyumba nzima inalia. Kubalianeni mapema kwamba bahasha inafunguliwa mbele ya daktari tu. Mfano mdogo wa kwa nini: mfupa unaopona nao huonekana mweupe zaidi kwenye CT, na maneno ya ripoti yanaweza kusomeka kama ugonjwa mpya.

Siku ya majibu aende na mtu mmoja asiyepaniki, mwenye karatasi yenye maswali matatu: Imekua, imesimama au imepungua? Dawa inaendelea au inabadilika? Tunarudi lini? Na familia ijifunze kwamba "imesimama" ni habari njema. Kwenye hatua hii lengo la dawa ni kuuzuia ugonjwa kwa muda mrefu iwezekanavyo, kwa hiyo dawa humezwa maadamu inafanya kazi, na swali la "dozi inaisha lini?" halina tarehe. Nyumbani wakisikia "haijapungua" wanavunjika moyo, na mgonjwa anausoma uso wao.

Kwa usiku: apewe nusu saa mchana, kila siku saa ileile, ya kuandika au kusema yote anayoyaogopa, na mmoja wenu asikilize bila kujibu. Usiku yakija, anajiambia yana saa yake kesho. Asipopata usingizi kwa dakika kama 20, aondoke kitandani, akae sebuleni kwenye mwanga hafifu, avute pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, arudi usingizi ukija.

Wageni. Awepo mlinzi wa mlango, na asiwe mgonjwa mwenyewe. Siku mbili kwa wiki, dakika 20. Hadithi za marehemu waliokuwa na ugonjwa kama huu ziishie getini. Badala ya "utapona", ambayo mgonjwa anajua msemaji haijui, waseme "nimekuja kukaa nawe", au waje na kazi kamili: "Alhamisi nakuja kufua", "Jumatatu nitakupeleka kliniki". "Ukihitaji chochote niambie" haina msaada. Hawezi kuanza kugawa kazi.

Kikundi cha wagonjwa kinasaidia, lakini chagueni. Kwenye kikundi cha waliogundulika mapema, wanaoshangilia kumaliza dozi, yeye hukaa kama kivuli cha wanachokiogopa. Oktoba ya pinki, mwezi wa kampeni za kansa ya titi, nayo huwaumiza wengi wa hatua ya nne (kansa iliyosambaa) kwa sababu hiyohiyo. Tarehe 13 ya mwezi huo ndiyo siku iliyotengwa kwa kansa ya titi iliyosambaa, na wachache wanaijua. Mwombeni nesi wa kliniki amkutanishe na mwanamke mmoja wa hatua kama yake. Mazungumzo ya watu wawili yanatosha.

---

WifiMbagala:

Asanteni sana, nimenakili kila kitu. Kuna jambo sikulisema. Majibu ya juzi yana doa kwenye ini. Kaka zake walimfuata daktari pembeni wakamwomba asimwambie, wakasema atakufa kwa mshtuko. Yeye anaulizia majibu kila siku, tunamwambia mashine ilikuwa mbovu.

---

Dkt_Kansa:

Basi sehemu ya kutolala mmeshaipata. Mgonjwa anayeuliza kila siku ameshajua kuna jambo. Asichokijua ni ukubwa wake, na anaachwa aukisie peke yake usiku.

Kuna sababu ya kitabibu pia. Doa jipya kwenye ini maana yake tamoxifen huenda imeshindwa na tiba itabadilika. Mnaweza kuambiwa kuhusu letrozole 2.5 mg, dawa ya kupunguza estrojeni, na kwa mwanamke anayepata hedhi letrozole peke yake haifanyi kazi: ovari lazima zizimwe, kwa sindano ya goserelin 3.6 mg kila siku 28 au kwa upasuaji wa kuziondoa. Au itakuwa kemo. Hakuna kati ya hayo linaloweza kufanywa mwilini mwa mtu mzima mwenye akili timamu bila kumweleza na kupata ridhaa yake. Pengine atashauriwa pia kukatwa kinyama cha ini, kwa kuwa vipokezi huweza kubadilika. Mtamwambia anachomwa sindano ya nini?

Namna ya kutoka hapo. Kwanza kaka zake waitwe peke yao, bila kugombezwa. Wanaficha kwa upendo. Waulizwe: "Mnaogopa nini hasa akijua?" Wakisema atajiua au atakataa dawa, hayo yana mpango wake, hayatibiwi kwa uongo. Waambiwe kwamba daktari hatamlazimisha mgonjwa kusikia, na kwamba akiuliza hatamdanganya.

Kisha mgonjwa, kwenye chumba cha faragha, ameketi, maumivu yakiwa yametulizwa, pembeni mtu aliyemchagua yeye. Daktari anaanza kwa kuuliza: "Wewe mwenyewe unauelewaje ugonjwa wako ulipofikia?" Wengi hapo hujibu sahihi kabisa. Swali la pili: "Ungependa uelezwe yote, au nimweleze nani kwa niaba yako?" Wapo wanaosema "mwambie mume wangu", na huo ni uamuzi wao, uandikwe kwenye faili. Akitaka kujua, anaambiwa kwa maneno machache: "Nina habari ambayo si nzuri. Picha inaonyesha kansa imefika kwenye ini." Halafu kimya. Kosa la madaktari wengi ni kukijaza kimya hicho kwa majina ya dawa. Mtu aliyepigwa na habari hayasikii. Mpango utajwe kwa sentensi moja, na miadi ya maelezo kamili iwekwe ndani ya siku chache, si miezi.

Akiuliza "nimebakiza muda gani?", asipewe tarehe wala asiambiwe "Mungu ndiye anayejua" kama njia ya kukwepa. Aulizwe anachotaka kupanga: mtoto kumaliza shule, kiwanja, safari ya nyumbani. Aina hii yenye vipokezi vya homoni huweza kudhibitiwa kwa miaka kadhaa, dawa moja ikishindwa nyingine inachukua nafasi. Ini likiguswa tunafuatilia kwa karibu zaidi.

Na ule uongo wa mashine mbovu uondoeni wenyewe kabla ya miadi: "Majibu yapo, tuliogopa kukuambia, daktari atakueleza Jumanne." Atakasirika. Mwacheni akasirike.

Jambo moja dogo ikiwa letrozole itaanza: viungo vitakaza asubuhi, vidole na magoti ya pande zote mbili, na hulegea akitembeatembea. Hiyo ni dawa. Maumivu ya sehemu moja yanayoongezeka wiki hadi wiki na kuamsha usiku ndiyo ya kuleta kliniki. Aelezwe tofauti hii mapema, vinginevyo kila goti likiuma ataona kansa imefika huko.

---

Bi_Kisauni:

Hapa Mombasa tuna Coast Hospice, na Nairobi kuna Nairobi Hospice. Kwa wasomaji wa Kenya, si lazima uwe unakaribia kufa ndipo uende. Mwombe daktari akuandikie barua mapema, maumivu yakianza tu.

Naongezea mambo ambayo hayajaguswa. Watoto: waambiwe jina la ugonjwa, kwamba hauambukizi, kwamba hakuna alichofanya mtoto kuuleta, na nani atawapeleka shule mama akilazwa. Hilo la mwisho ndilo wanalolifikiria zaidi. Msiseme "mama ana malaria", maana mtoto atakuja kuogopa kila malaria. Wa miaka kumi na kuendelea aulizwe kama anataka kwenda kliniki mara moja aione. Wengi hutulia wakishaona viti na dripu.

Mume naye. Ovari zikizimwa uke hukauka na tendo la ndoa linauma, mwanamke anakwepa, mwanamume anadhani amechukiwa au anaogopa kumuumiza. Mafuta ya kulainisha yenye asili ya maji yanauzwa famasia bila cheti. Krimu zenye estrojeni asipake bila daktari wa kansa kukubali. Na kwa nyonga yenye ugonjwa, alale ubavu, mto katikati ya magoti, asibebe uzito wa mwenzake.

Dada, ukienda hiyo Jumanne usisahau kumtajia daktari diclofenac.